Maji Mawili ya Malagarasi

Mwaka ule tulipomzika mama, nilishindwa kukaa. Nilikuwa nimemuuguza muda mrefu nyumbani kwetu Ipuli, mjini Tabora, nikimgeuza kitandani, nikimnywesha uji kwa kijiko, nikisikiliza pumzi zake kutoka chumba cha pili. Alipoondoka, mikono yangu ilibaki haina kazi. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilipanda bodaboda mpaka Mtendeni, nikazunguka madukani, nikarudi bila hata kiberiti. Kwenye cherehani nilianza gauni la mteja, nikifika kwenye mkono nainuka kwenda kuchungulia barabarani, kana kwamba kuna mgeni ninayemngoja. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye starehe yake ni kiti cha kamba na redio. Aliniangalia hivyo kwa miezi na hakusema kitu.

Ndipo mdogo wangu akaja. Mimi na yeye tulizaliwa Ziba, kwa wafugaji, na maji mengi kuliko yote tuliyoyajua yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Mimi sikujifunza kuogelea. Yeye alikwenda Uganda kutafuta maisha, akaishia kuongoza wageni kwenye maporomoko ya Nile, ndani ya boti za mpira zinazojazwa upepo. Sasa alitaka kuanzisha kazi hiyo kwetu, kwenye Mto Malagarasi. Alihitaji watu wa kujaribu nao, wasiojua chochote, kwa sababu wateja wake wengi watakuwa hivyo hivyo. Akatuomba sisi.

Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Mume wangu naye alikubali, nadhani kwa kuwa hakutaka niende bila yeye.

Tuliondoka Tabora na gari la mdogo wangu, boti imekunjwa nyuma, pamoja na mwenzake mmoja kutoka Jinja kule Uganda, kijana asiyependa maneno mengi. Tulipita Urambo, tukapita Kaliua. Mume wangu alitusimulia njiani habari za wapagazi walioipita njia ile kwa miguu kwenda na kurudi Ujiji, na jinsi mto ulivyowakwamisha hadi wapate wa kuwavusha. Wao walitaka kuuvuka tu, alisema, na sisi tunaufuata wenyewe. Aliona jambo hilo linachekesha. Mimi nilikuwa nahesabu vilima, nikitamani gari liongeze mwendo.

Tulipofika, mdogo wangu alitueleza tulichokuwa tunachagua. Upande wa juu mto ni mpana, unakwenda taratibu katikati ya mafunjo, na kazi ni kukaa na kupiga kasia kidogo. Upande wa chini, mbele ya Uvinza, unaingia kwenye mawe na maji yanageuka meupe. Hakutuficha. Kule kwenye utulivu kuna viboko na mamba. Kule kwenye kasi wanyama ni wachache, lakini kuna miamba, na mtu anaweza kurushwa nje ya boti. Mume wangu alichagua utulivu papo hapo. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ndiyo.

Basi siku ya kwanza tukashuka maji matulivu. Askari wa wanyamapori tuliyepewa kutulinda alikaa mbele na bunduki yake magotini. Mume wangu alivua viatu. Alitazama ndege wanaokanyaga majani ya mayungiyungi, akauliza majina yao, akasahau kasia. Sijawahi kumwona ametulia namna ile. Mimi nilipiga kasia kwa nguvu zisizohitajika mpaka viganja vikachubuka, na mdogo wangu akanieleza kwa upole kwamba naikosesha boti mwelekeo.

Kwenye kona moja kiboko aliinuka mbele yetu, kichwa na masikio tu, kisha akazama. Mdogo wangu alitufanyia ishara tuweke makasia mapajani. Tukangoja aonyeshe kapita upande gani. Hakuna aliyejitikisa. Maji yalikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Na mle ndani ya kungoja, nikajikuta nimerudi kwenye chumba cha mama, nikisikiliza kama pumzi nyingine itakuja. Ilikuwa ni kungoja kule kule. Nikataka kusimama, nikataka kupiga kelele. Nadhani niliinua makalio kidogo, kwa sababu boti iliyumba.

Mdogo wangu alisema kwa sauti ya chini, "Dada, kaa."

Nikakaa. Kiboko aliibuka mbali, karibu na mafunjo, tukapita.

Jioni, kwenye hema, mume wangu alisema hiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu astaafu. Nilimwambia nafurahi kwa ajili yake, na kwamba kesho nitashuka maji ya kasi. Akanikumbusha sijui kuogelea. Nikasema najua. Aliweka kikombe cha chai chini na kunitazama kama anavyotazama jambo alilolikwepa muda mrefu.

"Mke wangu, unataka kufa?"

Nilichelewa kujibu, na kuchelewa kwangu kulimtisha, niliona.

"Hapana," nikasema. "Tangu mama afariki naogopa mchana kutwa, na sijui naogopa nini. Nataka kuogopa kitu ninachokiona."

Asubuhi ndiye aliyekunja hema, tukateremka na gari hadi mbele ya Uvinza.

Mdogo wangu hakuniingiza kwenye kasi hivi hivi. Alinipeleka kwanza kwenye kidimbwi kilichotulia pembeni, akanivalisha jaketi la maboya, akanikaza mikanda mpaka nikakohoa, akanitupa majini. Alinifundisha kulala chali, miguu mbele, ili mwamba ukutane na nyayo na si kichwa. Alirudia hadi nikachoka naye. Mume wangu alipewa kamba ndefu ndani ya mfuko, akafundishwa kuirusha, akawekwa juu ya jabali chini ya poromoko la mwisho. Yule mwenzetu wa Jinja alikuwa kwenye kitumbwi kidogo cha plastiki, tayari kuokoa.

Poromoko la kwanza lilinimwagia maji usoni nikacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. La pili nilifuata amri za mdogo wangu aliyekaa nyuma yangu: mbele, mbele, simama. Hapakuwa na nafasi ya kuwaza chochote. La tatu, la mwisho, boti ilipanda upande mmoja, na kasia langu likapiga hewa, kisha mimi mwenyewe nikawa sipo ndani ya boti.

Chini ya maji kulikuwa na kelele kubwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliibuka, nikazama, nikaibuka. Miguu mbele. Niliona kamba ikiruka kutoka jabalini na kuanguka mbali nami. Halafu nikamwona mume wangu, aliyeambiwa asitoke pale juu kwa vyovyote, ameingia majini mpaka kiunoni na nguo zake, ameninyooshea mkono usioweza kunifikia. Kitumbwi kilifika kabla yake. Nilishika kamba ya nyuma, nikavutwa hadi ukingoni.

Nilikuwa nacheka na kutapika maji kwa pamoja. Mwili ulikuwa mwepesi. Mume wangu alitoka mtoni, akakaa kwenye mawe, na mdogo wangu alipomletea shuka aliisukuma. Nilipomsogelea alisema bila kunitazama, "Wewe umepata ulichokitaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale."

Kicheko kilinikauka. Nilikaa karibu naye, sikumgusa, kwa sababu nilijua hakutaka kuguswa. Tulikaa hivyo hadi boti ikatolewa upepo na kukunjwa.

Tulirudi kwa njia ile ile mpaka tukaiona Kaliua. Hapo mume wangu, huku akitazama nje ya dirisha, alisema kwamba kama nina nia ya kurudia mambo haya nitajifunza kuogelea kwanza, na yeye atajifunza pia. Ndivyo tulivyofanya. Siku za mapumziko tunakwenda kwenye bwawa la hoteli moja mjini, mimi nimevaa suruali ya kubana na fulana, watoto wa watu wakitucheka. Yeye anaelea vizuri. Mimi natapatapa, sijajua kuyaachia maji yanibebe.

Ile hali ya kushindwa kutulia haikuisha. Imepungua, kisha kuna siku inarudi yote, na nafagia uwanja upya. Mdogo wangu ameanza kupeleka wageni, wengi upande wa utulivu. Juzi alipiga simu kusema mvua zikipungua atatutengea siku, akauliza mwaka huu tutachukua kipande kipi cha mto. Mume wangu aliniachia simu akatoka nje. Nilimwambia mdogo wangu nitampigia baadaye, na bado sijampigia.