Simu ya Mwalimu Kikulacho

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kikulacho. Alijua, na nadhani alilipenda jina hilo kuliko la Hatibu alilopewa na wazazi wake kule Mlali. Kila mwaka alifungua somo lake la usalama wa mifumo ya kompyuta kwa methali moja, kikulacho ki nguoni mwako, kisha akawaambia vijana wageuke watazamane. Mwizi wenu yumo humu humu, aliwaambia. Darasa lilicheka mwaka baada ya mwaka, na yeye hakucheka hata mara moja.

Nimekaa naye ofisi moja miaka mingi, mimi nikifundisha hesabu, kwa hiyo mashaka yake nayajua kwa karibu. Kamera ya kompyuta yake ameiziba kwa plasta ya kidonda. Akiandika nywila huinama na kuikinga meza kwa mwili mzima, kama mtu anayekinga jiko la mkaa na upepo. Siku moja simu yangu ilizimika, nikamwomba yake nimpigie fundi bomba. Aliniuliza namba, akapiga mwenyewe, akanishikia simu sikioni mpaka nilipomaliza kuongea. Nilinuna wiki nzima. Mimi Catherine, Mkaguru wa Gairo, mama wa watoto wakubwa, nashikiwa simu kama mgonjwa anayenyweshwa uji!

Mtu mmoja tu hakukingwa meza wala kufungiwa kompyuta. Huyo ni Joseph, karani wa mitihani wa idara yetu. Joseph ni Mkatoliki wa milimani na Hatibu ni Mwislamu wa bondeni, lakini wote ni Waluguru, na koo zao ni watani tangu enzi za mababu. Joseph akiingia ofisini humsalimu Hatibu "mtumwa wangu", humnywea chai yake na kumpekua mfuko wa shati kutafuta peremende. Hatibu hucheka tu. Nilipomuuliza ukali wake unakwenda wapi, alinijibu kwamba mtani hakasirikiwi, na kwamba siku ukifa yeye ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Mwishoni mwa muhula mama yake Hatibu alifariki. Tulikwenda Mlali idara nzima pamoja na darasa lake. Asubuhi Joseph alichimba kaburi na wenzake, kisha akarudi na udongo miguuni, akajifunga khanga ya marehemu, akakunja mgongo na kuanza kutembea kama bibi yule alivyotembea, akikohoa kikohozi chake. Hiyo ndiyo kazi ya watani msibani. Wafiwa walicheka machozi yakiwa bado mashavuni, na sisi wageni tukacheka nao. Alipomfikia Hatibu alimchomoa simu mfukoni.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya marehemu, "hebu nifungulie nimpigie baba yako huko ahera, nimwambie niko njiani."

Hatibu alitoa kidole akaigusa, simu ikafunguka. Joseph akatangaza kwamba simu hiyo sasa ni yake mpaka ikombolewe kwa jogoo. Wanaume wakaondoka kwenda kuzika. Sisi wanawake tulibaki, na nilipokwenda kuchota maji nilimwona Joseph amekaa nyuma ya jiko, khanga bado kiunoni, ameiinamia simu. Nikadhani anaongea na mkewe. Jioni jogoo alitolewa na simu ikarudi kwa mwenyewe.

Hatibu aliporudi kazini baada ya matanga, mfumo wa matokeo ulimkataa. Nywila yake ya zamani haikufanya kazi. Alipofunguliwa na wakubwa akakuta alama za wanafunzi kadhaa wa somo lake zimepandishwa, kwa jina lake mwenyewe, siku ile ile aliyokuwa akimzika mama yake. Sijawahi kumwona vile. Alisema walisubiri aingie kaburini kumlaza mama yake ndipo wamwibie.

Jinsi ilivyofanyika aliijua mara moja, kwa kuwa huifundisha. Mtu akisahau nywila, mfumo hutuma namba za siri kwenye simu yake, na akiziandika hizo anaweka nywila mpya. Aliyefanya hivyo alizipata namba zile. Lakini kwenye simu ya Hatibu hapakuwa na ujumbe wowote wa namba, basi akaamua kwamba ujumbe wa laini yake ulielekezwa kwenye simu ya mtu mwingine, na namba zikaenda huko. Na nani darasani alikuwa ameeleza vizuri jinsi wezi wanavyoelekeza kwao ujumbe wa laini za watu? Elia. Hatibu mwenyewe ndiye aliyempa mada hiyo aiwasilishe, akampongeza mbele ya wenzake.

Tangu hapo kila alichofanya Elia kilikuwa ushahidi. Darasa zima lilikuja Mlali, yeye hakuja. Alisema alikuwa na homa, amelala bwenini. Homa gani hiyo ya siku moja, Hatibu aliuliza. Alikosa jaribio moja, na jina lake lilikuwa kati ya yaliyopandishwa. Baba yake ni askari magereza kule Kingolwira, na Hatibu aliona hata hilo ni dalili, eti mtoto aliyekulia uani kwa wafungwa amejifunza mengi. Kijana alipotusalimu shikamoo alionekana anajipendekeza, na aliponyamaza alionekana anaficha. Nakiri nami nilianza kumtazama mikono.

Shauri likapelekwa kamati ya nidhamu, na mimi ndiye katibu wake. Adhabu ya kosa lile ni moja, kufukuzwa chuo. Baba yake Elia alikuja na sare zake, akakaa kwenye benchi la ukumbi, kofia magotini. Nilimpita nikienda kuchukua makabrasha, akaniamkia kwa heshima ingawa ananizidi umri. Niliona haya.

Nikaingia ofisini. Hatibu alikuwa anajiandaa kwenda kutoa ushahidi, anarudia kwa sauti: simu haikutoka mkononi mwangu, kwa hiyo ujumbe ulielekezwa kwingine. Akarudia tena. Ndipo ile khanga ikanijia machoni, na mgongo ulioinama nyuma ya jiko.

"Hatibu," nikamwambia, "siku ya mazishi simu yako ilikombolewa kwa jogoo."

Alinijia juu. Akaniambia mimi mgeni, sijui utani, nisichafue msiba wa mama yake. Nikamwacha afoke. Kisha nikamuuliza kitu ambacho wote wawili tulikijua siku zote: kati ya wale waliopandishiwa alama, Furaha ni mtoto wa nani? Furaha ni mtoto wa dada yake Joseph. Na kwa Waluguru mtoto wa dada ndiye mzigo wa mjomba hasa.

Hatibu alikaa chini. Alikitazama kidole chake muda mrefu, kile alichofungulia simu. Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa amemshuku kila mtu, hata mimi. Hilo la kunishuku mimi liliniuma, nikamwambia hivyo.

Mbele ya kamati hakujitetea. Alisema simu ilitoka mkononi mwake, aliitoa mwenyewe na kuifungua mwenyewe, jambo ambalo kila muhula huwakataza wanafunzi. Akamgeukia Elia akamwomba radhi mbele ya baba yake. Joseph alipoitwa hakukana. Alisema aliufuta ule ujumbe wa namba, na aliyapandisha na majina mengine ili la Furaha lisionekane peke yake, kisha akamtazama Hatibu.

"Ni mtoto wa dada yangu," akasema. "Wewe ungefanyaje?"

Elia alirudi darasani, na Joseph akafukuzwa kazi, akarudi milimani kulima karoti.

Juzi mama mdogo wa Hatibu alifariki, tukaenda tena Mlali. Sikutegemea kumwona Joseph, lakini alikuwepo tangu alfajiri, jembe mkononi. Alichimba kaburi vizuri, kuta zimenyooka. Alipomaliza alinawa na kukaa ukingoni mwa mkeka. Khanga ya marehemu ilikuwa imetundikwa pale pale kwenye kamba, hakuna aliyeigusa. Wafiwa walikuwa wanamtazama wakisubiri.

Hatibu alikwenda akakaa mbele yake. Akatoa simu, akaifungua kwa kidole, akaiweka juu ya mkeka katikati yao. Joseph aliitazama. Kisha akaisukuma taratibu kwa ncha za vidole, mpaka ikarudi kwenye goti la mwenyewe.

"Pole kwa msiba, Mwalimu," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo tangu wafahamiane. Hatibu aliichukua simu yake akaitia mfukoni, na hapo ndipo alipoanza kulia.