Deraya ya Arobaini na Tatu

Wanawake wa mtaani walimjua kama fundi cherehani mwenye mkono mwepesi wa kupunguza magauni. Wasichokijua ni kwamba kwenye kompyuta iliyokaa kando ya cherehani, alikuwa akipunguza askari. Alikuwa ameitengeneza upya gemu moja ya vita vya kale, vya panga, farasi na ngome, na maelfu ya watu wasiomjua hata sura waliicheza wakimwita Bwana Ngome.

Tatizo lilikuwa kikosi kimoja humo, Walinzi wa Dhahabu. Hao aliwashona vizuri kupita kiasi. Deraya zao, yale mavazi ya chuma, alizipa nguvu sitini, na walinzi ishirini tu walifagia jeshi la watu mia mbili bila hata kutoka jasho. Vita gani hivyo, jamani? Mwenye Walinzi ndiye mshindi, wengine wote wasindikizaji. Akatangaza kwamba atawapunguza nguvu.

Ndipo vitisho vilipoanza. Mchezaji mmoja aliyejiita Kisu alimwandikia: "Ukiwagusa Walinzi, utajuta." Fundi akacheka. Kesho yake: "Taa ya kibarazani kwako imeungua." Akatoka kutazama. Kweli, imeungua. Tangu hapo akawa anashona mlango ukiwa na komeo, mchana kweupe, na mteja akibisha tu, sindano inamwingia kidoleni.

Hakumwambia mumewe. Maskini, alikuwa ameachishwa kazi ya ulinzi wa ghala, na sasa alishinda chumbani akicheza gemu hiyo hiyo, akiwaongoza Walinzi wa Dhahabu. Humo hakuwahi kushindwa na mtu. Amwongezee mawazo ya nini?

Jumatano kazi ya kuwapunguza Walinzi ikaisha. Watu wa kumjaribia gemu kabla haijatoka walikuwa wanne: marafiki wawili wa mtandaoni, binamu yake, na mumewe. Fundi alikuwa na ujanja wake ambao hakumwambia yeyote: kila mmoja alimpa nakala yenye namba ya deraya tofauti kidogo, ili jambo likivuja ajue limevujia wapi. Namba aliziandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja.

Saa kumi jioni Kisu akaandika: "Arobaini na tatu? Yaani umenivua nguo! Rudisha sitini, la sivyo nakuja mwenyewe."

Akalivuta daftari. Arobaini, rafiki wa kwanza. Arobaini na moja, rafiki wa pili. Arobaini na mbili, binamu. Arobaini na tatu, mume wangu.

Akasoma tena. Siku zote hizo alipokuwa akifunga komeo, kumbe alikuwa akijifungia naye ndani!

"Mke wangu!" Sauti ilitoka kibarazani. "Hebu njoo unishikie kiti."

Akaenda. Mumewe alikuwa juu ya kiti, balbu mpya mkononi, uso mkunjufu.

"Naona siku hizi unashtukashtuka ovyo. Kuna mtu anakusumbua?"

"Hakuna. Uchovu tu."

"Pole, mama. Akitokea mtu, uniambie mimi. Sawa?"

"Sawa."

Alikishika kiti kwa mikono miwili mpaka taa ikawaka. Mumewe akashuka, akajifuta vumbi, akampisha aingie kwanza. Kisha akaingia yeye, akafunga mlango na kusukuma komeo.