Mvua Iliyonyesha Ng'ambo kwa Syombua

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado uso unanichoma. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nikatazama ng'ambo ya mto, nikaona shamba la Syombua limekuwa jeusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Imenyesha kwake. Kwetu yalianguka matone ya kulaza vumbi tu, na kuku walikuwa wanaparura kama kawaida. Nilisimama pale nikitazama mpaka uji ukaungua.

Huenda usielewe mtu anawezaje kuonea mvua wivu. Lakini sisi wa huku Migwani tunajua mvua yetu ilivyo na upendeleo. Inanyesha kilima hiki, inaruka kile, inaenda zake. Na huyo Syombua alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mimi nilitoka Tawa nikaolewa kwenye boma lile kabla yake, tena siku alipoletwa ni mimi niliyempikia. Basi ikawa kila kitu kinamfikia yeye kwanza. Ng'ombe wake akazaa jike, wangu akazaa dume. Yeye akaezekewa bati, mimi bado nakinga matone kwa sufuria chini ya nyasi. Mume wake alikuwa nyumbani kila jioni, wangu alikuwa Mombasa, anakuja Krismasi akikumbuka. Sasa hata mvua! Nikasema kwa sauti, pale pale uani, "Aiya! Kwani Mungu anajua njia ya kwa Syombua peke yake?"

Mama mkwe wangu alinisikia. Nilimwita Mwaitu, kama ninavyomwita mama aliyenizaa. Alichukua jembe, akapiga shambani mara moja, akainama akaingiza mkono kwenye shimo. Juu palikuwa na unyevu. Chini palikuwa vumbi.

"Hii imekuja kutusalimia tu," akasema. "Yenyewe iko njiani. Tungoje."

Tungoje! Kungoja pamoja na wengine si kubaya sana. Mnapanga foleni kwenye kinu cha kusaga, mnalalamika, mnachekana, saa zinaenda. Kinachoua ni kungoja huku unamtazama aliyepata. Nawe unakijua, usinikatalie. Nakuona na hiyo simu, unatazama harusi ya fulani, nyumba mpya ya fulani, halafu unaiweka chini umefura uso. Mimi sikuwa na simu. Nilikuwa na ng'ambo ya mto, na ilinitosha kabisa.

Basi Mwaitu akapata habari ya matanga, akaenda Kabati kukaa na dada yake aliyefiwa. "Mbegu zisiguswe," akaniambia akifunga leso. Mbegu zetu zilikaa kwenye vibuyu, zimechanganywa na jivu, zimening'inizwa juu ya moshi wa jiko. Kunde, ndengu, mahindi, mbaazi. Nyingine hatukuwa nazo. Hizo zikipotea hakuna cha kupanda, na wanangu wangekula nini mpaka msimu mwingine? Nilijua hayo yote vizuri sana, usidhani sikujua.

Kesho yake nikamwona Syombua shambani kwake, ameinama. Na mumewe ameinama. Asubuhi wameinama, jioni wameinama. Nikasema, hawa wanapanda. Nikaanza kumwona akilini akivuna, akinipita njiani na mzigo kichwani, akiniuliza kwa ile sauti yake ya pole pole, "Na nyinyi huko, bado?" Hakuwa ameniuliza kitu, maskini. Nilijiuliza mwenyewe kwa sauti yake, halafu nikamkasirikia yeye.

Nikapanda juu ya kiti, nikashusha vibuyu. Vyote.

Nilipanda peke yangu mpaka kiuno kikakataa. Na zikaota! Ule unyevu mdogo wa juu ulitosha kuzidanganya. Asubuhi nilipoona vichwa vya kijani niliimba, mwanangu. Wimbo wa kanisani, uso nimeuelekeza ng'ambo makusudi, sauti imeshinda ya kwaya nzima. Halafu jua likawaka. Likawaka tena na tena. Majani yakajikunja, yakawa kahawia, ukiyashika yanasagikia vidoleni. Na hapo ndipo Mwaitu aliporudi.

Alizunguka shamba lote taratibu, mkono kiunoni. Mimi nyuma yake najieleza: ati mvua imetudanganya, ati labda mbegu zilikuwa zimezeeka. Akasimama.

"Nyamaza kwanza. Ulipima udongo?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi ulipanda kwa sababu gani?"

Nikatazama chini.

"Mimi nitakuambia. Ulipanda kwa sababu ya Syombua. Shamba ni langu, mbegu ni zangu, lakini anayeamua hapa siku hizi ni Syombua, na mwenyewe hana habari. Sasa nenda ukamwambie. Na umwombe mbegu."

Afadhali angenichapa. Nilikaa nikijifanya naumwa tumbo, nikawaza hata kurudi Tawa kwa mama. Mpaka mchana mmoja mawingu mazito yakafunga upande wa juu, upepo ukaleta harufu ya udongo, na Mwaitu akanitupia leso. Mto wetu ni wa mchanga tu, lakini mvua ikinyesha huko juu unashuka ghafla na hakuna wa kuuvuka. Nikakimbia.

Nilimkuta Syombua ameketi mlangoni, anapepeta mbegu kwenye uteo. Mbegu! Sikumsalimia hata. Nikamuuliza, "Kwani wewe hujapanda?"

"Nipande nini na chini ni vumbi?" akasema. "Tulikuwa tunatengeneza matuta. Yale maji ya kwanza yaliyabomoa." Halafu akanitazama, mimi na leso yangu tupu, akatabasamu. "Na wewe juzi ulikuwa unaimba. Nikamwambia baba watoto, yule wa Tawa lazima mumewe amerudi."

Hapo nililia. Nikamwambia yote, hata yale ambayo Mwaitu hakunituma: bati, ng'ombe, mume wa kila jioni. Alinisikiliza akiendelea kupepeta. Mwanamke yule hajawahi kuharakishwa na kitu. Nilipomaliza alichukua leso yangu, akaitandaza chini, akazigawanya zile mbegu katikati kwa upande wa kiganja, kama mtu anayewagawia watoto ugali. Akafunga fundo.

"Vuka," akasema, "mto haujafika."

Nilivuka bila hata kusema asante.

Mvua ikaja, safari hii yenyewe. Tulipanda, zikashika, nikadhani mambo yameishia hapo. Lakini ng'ambo shamba la Syombua likawa kijani upande mmoja tu. Ule upande mwingine, wenye matuta mapya mazuri, ulibaki magugu matupu. Zile mbegu kwenye uteo zilikuwa zote alizokuwa nazo. Alinipa nusu, na nusu ya shamba lake ikalala. Niliiona kila asubuhi, msimu mzima. Nilikuwa nimetamani asinizidi. Basi hakunizidi. Tulilingana, mwanangu, kama nilivyotaka, na kulingana kwenyewe kulikuwa ni watoto wake kunywa uji mwepesi kama wangu.

Ati wivu uliisha siku hiyo? Wapi! Nikaanza kumwonea wivu hata ule moyo wake. Mpaka leo, sisi wote bibi vikongwe, wingu likielekea kwake kwanza kuna kitu kinanifinya hapa kifuani. Kikinifinya nachukua jembe, naenda kupima udongo wangu. Wajukuu wananicheka. Wacha wacheke.

Basi nikuambie wazi, maana naona umeanza kutazama simu. Kabla hujafanya jambo la haraka, iwe ni kuoa, au kuacha kazi, au hata kumsukuma mtu kwenye foleni ya zahanati, jiulize: ningelifanya hili kama nisingemwona fulani? Ukisikia moyo unasema hapana, liache, hilo si lako. Na unapongoja usikae bure ukihesabu vya jirani. Syombua alingoja kama mimi, mawingu yale yale, ila yeye alikuwa na matuta ya kutengeneza, na mimi nilikuwa na yeye wa kutazama. Tena usiwe mwepesi wa kudhani unajua mwenzako anafanya nini kule. Aliyeinama si lazima awe anapanda.

Sasa sogea. Nipe viganja vyako nivitemee mate, kama wazee walivyonifanyia mimi, na usikunje uso. Mungu akupe chako kikiwa kimeiva, na kabla hakijafika akupe kazi ya mikono na usingizi mzuri. Mwenzako akinyeshewa kwanza, upate nguvu za kumpongeza bila kusaga meno. Na kama siku moja wivu utakupeleka mlangoni kwa mtu ukiwa mikono mitupu, ninakuombea umkute anayeweza kukupa nusu, na ukumbuke kumwambia asante.