Programu Isiyojua Bugi

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, hapo mtaani kwetu Buyenzi, niliposimama katikati ya gereji ya mjomba wangu na simu mkononi, mafundi wamenizunguka, nikisubiri kusifiwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Leo mnaniita mzee kwa sababu ya kipara hiki, nami sikatai. Katika kazi hii ya kutengeneza programu za simu, mtu akishachungulia arobaini ni babu.

Umeniuliza uanzie wapi, nawe hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa amri za kompyuta. Umefanya vizuri kuuliza, kuuliza si ujinga. Mimi sikumuuliza mtu, ndiyo maana nilianzia mwisho.

Mjomba Hamisi ndiye aliyenilea, akanifundisha kufungua injini nikiwa sijaota hata ndevu. Nilipomwambia nataka kujifunza programu za simu, hakunielewa, ila alinipenda. Akachukua salopeti yangu, ile nguo ya kazi iliyojaa madoa ya mafuta, akaitundika kwenye msumari ukutani.

"Nakupa mpaka Idi ipite," akasema. "Kama sijaona kitu yenye inasaidia mutu, utaivaa tena, na hiyo maneno ya ordinateri inaisha."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikapata hiyo ordinateri, kompyuta kuukuu, nikaanza. Shida ya Buyenzi niliijua: fundi akikosa kipuri hutembea duka hadi duka, jua la saa sita utosini, na gari la mteja limeachwa wazi. Programu yangu ingemwambia ni duka gani linacho. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo nalitetea. Lakini nilitaka iwe na ramani, na picha, na mahali pa kupiga soga, na kila mtu awe na akaunti na neno lake la siri. Nilinakili masomo ya mtandaoni nisiyoyaelewa. Yalipofanya kazi nilimshukuru Mungu. Yalipokataa, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo, sikuyasoma, nikanakili mengine. Hivi kuna fundi anayekaza skrubu huku amefumba macho? Basi alikuwepo mmoja, na ndiye huyu anayezungumza nawe.

Siku hiyo ya Ijumaa alikuwepo pia Mama Zuena, muuza vipuri ambaye duka lake linapakana na gereji. Alikuwa anajua kila kipuri kilipo bila kugeuza shingo. Nikampa simu kwa mikono miwili, nikamwomba aandike kipuri chochote.

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: bugi. Unaijua bugi, kile kidude kinachowasha moto ndani ya injini, ambacho bila hicho gari la petroli haliondoki. Simu ikafikiri. Ikajibu: *Aucun résultat*, yaani hakuna kilichopatikana.

"Labda umekosea herufi, Mama," nikasema, Mungu anisamehe. "Inaandikwa *bougie d'allumage*, na kuna kialama pale katikati."

Mafundi wakacheka. Mama Zuena hakucheka.

"We mutoto," akasema, "miaka yote nauza bugi, hakuna mutu alishakuja kuniomba hiyo kitu umesema. Fundi akikuja na mafuta ku mikono anasema bugi. Sasa hii aplikasiyo umetengenezea nani? Mwalimu wako ya Kifaransa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Majina yote niliyatoa kwenye kitabu cha magari cha Kifaransa, mimi niliyezaliwa Buyenzi, niliyesema bugi tangu nilipojua kusema. Nilidhani kompyuta ni kitu cha watu wa ofisi za Rohero, mtaa wa wakubwa, kwa hiyo nikaivalisha suti.

Mjomba alikuwa ameshaishika salopeti. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Kazi ya gereji si mbaya, ilinilisha, lakini nilikuwa nimeonja nyingine na moyo ulishakwenda huko. Machozi yalinilenga mbele ya mafundi wote.

"Umuachie Ijumaa ingine moja, Hamisi," Mama Zuena akasema. Kisha akanigeukia. "Na we, kesho unakuja kukaa kwangu. Ulete daftari. Ordinateri uiache ku nyumba."

Nilikaa kwenye benchi la dukani kwake siku nne. Kila mteja nilimwandika alivyosema mwenyewe: bugi, buji, fereni yaani breki, amortiseri ya kuzuia mtikiso, rotile ya kuungia magurudumu. Mmoja aliomba "ile mukanda inalia asubui", naye Mama akampa mkanda wa feni bila kuuliza swali. Kisha nikarudi kwenye kompyuta, nikafuta ramani, nikafuta picha na akaunti na soga. Kikabaki kisanduku kimoja cha kuandikia na orodha ya duka moja. Ilikuwa programu ndogo ya kuchekesha, lakini kila mstari niliuandika mwenyewe, na kila kosa jekundu nililisoma neno kwa neno kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Ijumaa iliyofuata Mjomba mwenyewe aliichukua simu. Akavaa miwani, akaandika: buji. Simu ikajibu: *Iko kwa Mama Zuena, rafu ya pili.* Mama, aliyekuwa akitutazama kutoka dukani kwake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akainua bugi juu watu wote waione.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Inasikia Kiswahili ya Buyenzi!" Akaitoa salopeti msumarini, nami nikanyoosha mikono kuipokea, maana sikujua bado amekusudia nini. "Apana," akasema, akaikunja. "Tundika hapa mufuko ya ordinateri yako. Utafanyia kazi hapa hapa, wenye wataitumia wakuone."

Nimetengeneza programu nyingi tangu siku ile, nyingine kubwa. Hakuna niliyoianza kabla ya kutafuta benchi la kukalia.

Basi mwanangu, usianze na programu ya kila kitu, mtaka yote hukosa yote. Anza na kisanduku kimoja na mtu mmoja unayemjua kwa jina. Kunakili nakili, sote tumenakili, ila usiuache mstari usioweza kuueleza kwa mdomo wako. Maandishi mekundu si matusi, ni fundi mwenzako anakuonyesha skrubu iliyolegea. Ukichoka, pumzika, halafu rudi. Bandu bandu huisha gogo. Na kabla ya yote kaa karibu na mwenye shida, usikie anaiitaje shida yake, kisha neno hilo ndilo liingie kwanza.

Mungu akupe subira ya vidole na masikio. Akujalie Mama Zuena wako, wa kukuaibisha mapema ungali na nafasi ya kurekebisha. Na siku utakapompa mtu simu kwa mikono miwili, naye akaandika neno la nyumbani kwao, Mungu ajalie simu yako imwitikie.