Mpangaji Aliyetaka Kuzima Jua

Mama Godelieve wa Kolwezi hakuwa mtu wa kuchezewa. Mjane, mnene, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili bila simu, aliishi kwa kuuza samaki wa barafu, wale wanaoingia kutoka Zambia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mtaji wake wote ulilala ndani ya friza moja kuukuu sebuleni, na friza hiyo aliisalimia asubuhi kabla ya kuwasalimia watu.

Sasa friza ilianza kufa. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwa ukija, majirani walipiga redio zao hadi kero, lakini kwake taa ilisinzia na samaki wakaanza kulegea. Wakioza hao, hana cha kuanzia tena. Atarudi kijijini kwa wifi yake, mtu asiyeweza kumvumilia hata kwenye picha.

Balaa lenyewe lilianza tangu ampangishe Tata Dimitri chumba cha uani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyevua kofia, na alisema ametoka Kisenge, mbali kule karibu na Angola. Kitu kimoja tu kiliwashangaza watu: mtaa mzima ulikuwa unatoa mawe ndani ya nyumba, yeye alikuwa anayaingiza. Ananunua magunia ya kobalti kwa wachimbaji, anayabeba begani, anafunga mlango. Halafu unasikika mngurumo.

Na Kolwezi kila mtu anajua maana ya mngurumo chini ya nyumba. Watu wamechimba uvunguni, wamechimba jikoni, wamechimba chooni. Unakunywa chai na jirani yuko chini ya kiti chako anatafuta madini. Kwa hiyo Mama Godelieve alimwita Tata Kabemba, jirani aliyezeeka mashimoni, naye akabandika sikio ukutani.

"Ule anachimba, mama. Nyumba itaanguka."

"Lakini anaingiza mawe, hatoshe inje!"

"Njo bwizi benyewe! Anakuonyesha yenye inaingia, usione yenye inatoka."

Hoja ya kipumbavu kabisa, na wote wawili waliiona ni ya akili sana.

Adhuhuri ile ile wakavunja mlango, mama na mwiko wake wa kusongea bukari, Kabemba na sururu. Sakafu ilikuwa nzima, tena imefagiliwa. Juu ya kitanda palikuwa na mtambo: beseni, nyaya za shaba, mawe ya kobalti yanayowaka buluu, na waya mmoja mnene uliotoka dirishani. Mama Godelieve akaufuata kwa macho. Ulikwenda moja kwa moja nyuma ya friza yake.

"Mwizi!"

Tata Dimitri akainuka, akavua kofia. Katikati ya paji la uso palikuwa na jicho la tatu, limekasirika kuliko yale mawili. Akasema hakutoka Kisenge wala karibu na Kisenge. Alikuwa mtawala wa dunia nyingine, huko nyuma ya nyota, na alikuwa mbaya kwelikweli: aliwatoza watu kodi ya vivuli vyao, akapiga marufuku chafya. Mdogo wake alimpindua akamfukuzia huku. Sasa mtambo huu ukishiba umeme hadi jioni, utalizima jua la mdogo wake, na wote kule watamkumbuka.

Kabemba akaangusha sururu. Mama Godelieve hakuangusha kitu.

"Unazima jua na frigo yangu? Na ule mudogo yako, mulishaikala chini mukasemezana?"

"Hapana."

"Bakubwa ba famille banasema nini?"

"Sikubauliza."

Hilo ndilo lililompandisha hasira kuliko wizi wenyewe. Kwao kaskazini ya Katanga hata ugomvi wa mbuzi huitiwa kikao, wajomba wakaja, kuku akachinjwa. Huyu hakuita mtu, amekimbilia jua!

"Iyi machine inaweza kusema? Basi umwite. Sasa ivi. Mi njo mama wa parcelle, mwenye nyumba, nitaikala upande wa famille yako."

Mtu aliyetawala dunia nzima akajikuta anatii. Mtambo ukakoroma, ikatoka sauti nyembamba, na mama akamtangulia mwenyewe kusema.

"Tata, mi ni Mama Godelieve wa Kolwezi. Mukubwa yako iko kwangu. Anakula muzuri, lakini roho ni mubaya. Ju ya nini mulimufukuza bila kikao?"

Sauti ikajibu kwa lugha yao, kwa kirefu. Dimitri alianza kutafsiri, kisha akaikunja kofia yake mikononi.

"Anasema nini?"

"Mama yetu alikufa. Bananitafuta. Habayamuzika bado, ju mukubwa njo anapashwa kutupa udongo ya kwanza."

Akakaa sakafuni, macho yote matatu yakitiririka machozi. Mtambo ungeweza kumrudisha nyumbani badala ya kuzima jua, alisema, lakini ungehitaji umeme wote wa nyumba hadi kesho. Hakuomba. Alisema tu.

Mama Godelieve akaenda sebuleni, akasimama mbele ya friza yake. Moyo ulimuuma sana. Kisha akaichomoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Chukua yote," akamwambia. "Lakini ile jua usiguse. Utazika mama yako mu giza?"

Halafu akatoka uani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Majirani wakaja na viti vya plastiki.

"Nani alikufa?"

"Mama ya locataire wangu, ule wa chumba ya uani."

"Wa Kisenge?"

"Mbali kupita Kisenge."

Iliwatosha. Wakaimba, wakamlilia mama wasiyemjua, wakala samaki wote wa friza, waliokaangwa kabla hawajaoza, na hakuna aliyeuliza kwa nini mfiwa alikuwa analia hadi chini ya kofia.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Kabemba alimkuta mama amekaa kizingitini, machozi yanamtoka.

"Unalia samaki, mama, ao unalia Dimitri?"

"Uniache, Kabemba. Leo minalia mama ya batu. Samaki nitalia kesho."