Mtoto Huyu ni Mara

Mdogo wangu alizaliwa Rodi Kopany baba akiwa tayari kaburini, na mama akampa jina la Mara. Alilitoa kwa yule mjane wa Maandiko aliyerudi Bethlehemu bila mume wala wana, akawaambia wanawake waliompokea wamwite Mara, yaani uchungu kwa Kiebrania. Mama hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Kama moyo wake ulikuwa na uchungu, basi uitwe hadharani, na mwenye kukasirika akasirike.

Sababu alikuwa nazo. Alikataa kurithiwa na shemeji yake, akafunga virago na kuhama boma la baba kule Awendo, akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Watu wa baba wakanong'ona kwamba huenda mimba ile si ya kwao. Neno moja tu la nyanya, mama yake baba, lingewafunga midomo. Nyanya hakulisema, na mimi nilimkasirikia sana.

Sabato ya kumweka mtoto wakfu, nyanya akaingia kanisani bila kualikwa, akakaa benchi la nyuma. Mama alimwona, akakaza shingo na kutazama mbele.

Mchungaji alikuwa Mkuria wa upande wa Migori. Alihubiri kwa Kiswahili, na mzee mmoja wa kanisa akatafsiri kwa Kijaluo. Alipofika kwetu, akamnyooshea mkono mtoto aliyekuwa mikononi mwa mama, akatangaza, "Mtoto huyu ni Mara."

Mzee wetu, kwa sauti yake nzito, akatafsiri: "Nyathini en Mara."

Sasa, kwa Kijaluo mara ni "wangu". Kanisa zima lilimsikia mzee mwenye mke na heshima zake akitangaza kwamba mtoto wa mjane ni wake! Watu wakaangua kicheko. Mkewe hakucheka. Mama akainamisha kichwa, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchungaji, asiyejua kilichochekesha, akazidi kuharibu. Akasema jina hilo maana yake ni uchungu, halifai kubebeshwa mtoto. Mama achague lingine. Mama akatikisa kichwa kukataa.

Hapo nyanya akasimama, akaja mbele akiburuta ndala zake.

"Pasta, huyu mzee akae chini. Hii mtoto si yake." Akanyoosha mikono kwa mama. "En mara. Ni yangu mimi. Kijana yangu aliniachia."

Hakuna aliyecheka. Nimesikiliza wahubiri wengi tangu wakati huo, wengine wa vipaza sauti na suti, lakini sijamsikia aliyemfikia yule mwanamke wa ndala. Mama akampa mtoto. Mchungaji akamwombea mtoto akiwa amepakatwa na nyanya, na jina likabaki lilivyo. Habari zilifika Awendo kabla ya nyanya mwenyewe, na minong'ono ikaisha.

Mchana ule alikula kwetu ugali na omena. Alipomaliza akamgeukia mama. "Yule pasta alikuwa anasema jina lina uchungu gani?"

Mama akamtazama mtoto aliyelala mapajani mwa nyanya.

"Achana naye, Mama," akasema. "Hajui Kijaluo."