Siku Nilipowatoa Watu Kliniki kwa Moshi wa Udi

Mimi nimezaa, nimelea, nimezika mume, na hapa Pate hakuna harusi iliyopita bila mimi kuamrisha nani akae wapi, basi si rahisi kwangu kukiri kwamba siku moja niliwatoa wagonjwa, manesi na daktari wao mpaka nje kwenye jua, wengine wameshikilia magauni ya hospitali kwa nyuma yasifunuke, kwa sababu ya kitu nilichokificha ndani ya kikapu. Naona haya mpaka leo. Lakini nitasema mwenyewe, maana wakisema wengine wanatia chumvi, na chumvi ya kwangu yatosha.

Kitinda mimba wangu ni Athmani, na mkewe ni Mwanaesha. Miaka sita ya ndoa, mimba nne, na zote zilitoka kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Na mimi (Mungu anisamehe) sikunyamaza. Nilisema mbele ya wanawake, msichana mwenyewe akisikia, kwamba tumbo lake halishiki na kwamba kwetu sisi jambo hili halijulikani.

Wakaenda Mombasa kwa daktari wa uzazi, wakatolewa damu wote wawili, na kasoro ikaonekana kwa mwanangu. Nilikwenda nao siku ya majibu kwa sababu sikuamini. Daktari, mwanamke mpole wa miwani, akanichorea kwenye karatasi: ndani ya kila mtu mna nyuzi zinazoitwa kromosomu, nazo ni kama vitabu, na vya Athmani viwili vimebadilishana kurasa. Kurasa zote anazo, hakuna iliyopotea, ndiyo maana yeye ni mzima na ana nguvu kama punda, lakini akimgawia mtoto nusu yake, mtoto aweza kupata ukurasa mmoja mara mbili na mwingine asiupate kabisa, na mimba ya namna hiyo mara nyingi haikai. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, uliwahi kuharibikiwa na mimba?" Tatu, nikamwambia. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Akasema huenda Athmani alirithi kwangu, huenda kwa baba yake, bila kunipima hawezi kujua. Sikutaka kupimwa. Nilikwisha kujua vya kutosha.

Dawa ya kuvipanga vitabu hivyo hakuna, ila kuna ndia nyingine. Mayai ya Mwanaesha yakatolewa, yakakutanishwa na mbegu za mumewe nje ya mwili, na yalipokua siku tano sita wakachukua chembe chache kutoka kila kimoja (huitwa kiinitete, nililijua neno hilo pale pale), wakazipeleka kupimwa kurasa, na vyenyewe wakavigandisha kwenye baridi kali kungoja majibu. Viinitete saba vilipimwa. Kilichokuwa sawa ni kimoja. Kimoja! Mwanaesha alilia kwa furaha na mimi nikalia kwa hofu.

Ikapangwa siku ya kumpandikizia. Nesi akapiga simu, na Athmani akaweka sauti tusikie wote: "Msijipake manukato yoyote, wala udi, wala mafuta yenye harufu. Na anayewasindikiza pia."

Sasa nyinyi mnaonisoma, kama ni watu wa huku, mnanielewa. Mwanamke wetu asiyejifukiza ni mwanamke aliye edani, aliyefiwa na mume. Hata anayekwenda kutoa rambirambi hunukia kidogo. Nikajiambia, haya ni mambo ya nti za watu, hao hawajui heshima, mkaza mwana wangu haendi kupokea mtoto akinuka kama mjane. Na sikuuliza kwa nini wamekataza. Nilimaliza darasa la tatu tu, lakini kuuliza hakutaki skuli, kunataka kushuka kidogo, na mimi nilikuwa juu.

Asubuhi ile tulikuwa kwa mama yangu mdogo, Mombasa. Mwanaesha akaingia kuoga kwa maji matupu kama alivyoambiwa, nami nikachukua buibui lake nikalitandaza juu ya chetezo, kidogo tu, vipande viwili vya udi (vitatu). Alipolivaa akasita.

"Mama, mbona buibui linanukia?"

"Ni nyumba hii, imekolea. Twende, tutachelewa."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza. Na chetezo nikakifunika kwa jivu, nikakifunga kwa leso nzito, nikakitia chini kabisa ya kikapu, nia yangu nimfukize tena barabara akitoka. Mtu aliyepika kwa makaa tangu utotoni anajua kwamba kaa chini ya jivu halifi. Mimi nalijua. Lakini siku hiyo nilikuwa na akili za kuwafundisha madaktari, za jikoni niliziacha.

Tukakaa, mimi, Athmani na Mwanaesha, kwenye chumba cha kungojea, kizungu kitupu, viti vyeupe, baridi ya mashine. Mlango wa ndani ukafunguliwa, nesi akatoa kichwa, pua ikamcheza.

"Nani amejipaka manukato?"

Mato yote yakamwendea mama mmoja wa bara aliyesuka nywele nyingi zinazong'aa mafuta.

"Mimi?" akaruka. "Wacha hiyo story! Mimi hata sabuni sijatumia leo, muulize bwanangu!"

"Kweli," mumewe akasema kwa huzuni, "hajatumia."

Watu wakacheka, lakini nesi hakucheka, akamwambia atoke nje mpaka ijulikane, na mimi nikanyamaza. Nilikuwa natazama picha ya mtoto ukutani kama naujua ukoo wake. Mwanaesha aliniangalia, akanusa bega la buibui lake, akaniangalia tena, na rangi ikamtoka. Hapo ndipo yule mama wa bara, kabla hajafika mlangoni, akanipigia kelele, akiniita bibi kwa kikwao:

"Shosho! Kikapu chako kinatoka moshi!"

Nikainama. Leso ilikuwa imeshika moto. Nikakipiga kikapu kwa kiatu, chetezo kikaviringika, majivu yakamwagika kwenye sakafu ile nyeupe, moshi wa udi ukapanda juu (udi mzuri, sikununua wa bei rahisi), na kengele ya moto ikalia mle ndani kama inatangaza jina langu. "Nje! Nje wote!" Tukatoka sote, wenye magauni, wenye ndara, bwana mmoja amebeba kikombe kidogo cha maabara amekifunika kwa mkono na hataki kuulizwa. Bawabu akaja na mtungi wa kuzimia moto akakipulizia kikapu changu povu mpaka kikawa kama keki ya harusi.

Daktari akatoka. "Kikapu ni cha nani?"

Mwanaesha ndiye aliyejibu. "Ni cha mama yangu." Hakusema mama mkwe. Afadhali angenipiga kofi.

Nikauliza neno moja tu, "Kile kimoja?"

"Kimo kwenye baridi bado, tulikuwa karibu kukitoa," daktari akasema. "Mama, kitu kile hakina pua wala ngozi. Moshi na marashi vikiingia hewani kule, vyaweza kukidhuru. Ndiyo maana tunakataza."

"Mbona hamkusema hivyo?"

"Ungeuliza tungekwambia."

Akasema dawa za Mwanaesha zimeliandaa tumbo kwa siku hiyo, ikipita, aanze upya, kwa hiyo watasafisha hewa na kungoja mpaka alasiri, hewa ikikataa basi. Mwanaesha akaenda kuogeshwa mara mbili, buibui likafungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nikabaki langoni juani, hata ndani sikutaka kuingia. Nikamwendea yule mama wa bara, nikamwambia, "Nisamehe, ni mimi. Nilikuona unasutwa nikanyamaza."

"Shosho, ulikuwa uniache nirudishwe nyumbani!" Alinisema, na alinisema vizuri. Kisha akasogea tukae kivuli kimoja. "Mimi ni mara ya pili hii," akasema. "Omba na wangu." Nikaomba na wa kwake.

Saa kumi Athmani akatoka, ndevu zimelowa machozi. "Wamekiweka, mama."

Jioni kwa mama mdogo, Mwanaesha amelala, nikakaa sakafuni, kando ya kitanda chake. Kwetu mdogo ndiye aombaye radhi kwa mkubwa. Nikasema, "Mwanangu, niwie radhi. Ya leo, na yale maneno ya miaka yote. Kasoro si yako, haikuwa yako."

Akageuza uso kunitazama. "Nimekuwia, Mama. Lakini ukinidanganya tena nitakuacha langoni siku ya kujifungua."

"Niache."

Leo ana mimba ya miezi mitano. Haijawahi kufika huko. Moyo wa mtoto tumeusikia, unapiga mbio kama wa kuku. Walio na masikio wamesikia pia kutoka kwangu, kwa mdomo ule ule uliomsema, kwamba kurasa zilizobadilishana zimetoka upande wetu, si wake. Na nimejiwekea sheria: nisilolijua, nauliza kabla sijanyosha mkono, hata kwa mtoto wa jana.

Juzi Mwanaesha alikuwa ameketi barazani, akashtuka, akashika tumbo, akacheka. "Anapiga teke, Mama."

Mkono wangu ulikwisha kuruka. Nikauzuia hewani.

"Daktari amesema naruhusiwa kugusa?"

"Umeruhusiwa, Mama," akasema. "Gusa."